Dripu ya pipa kwa bustani ya nyumbani Moshi: uzoefu wangu

Seti ya dripu (umwagiliaji wa matone) niliyoitumia ni ya matuta manne ya mita 10 kwa mita 1: mipira minane ya milimita 16 yenye tundu kila sentimita 30, bomba kuu, koki, kichujio cha neti na raba za kuungia. Pipa unajinunulia. Kwa nyanya, hoho na sukuma wiki za kiangazi naipa alama za juu. Kwa mchicha, hapana.

Kinachoamua yote ni kimo cha pipa. Kwenye boksi wameandika tundu moja hutoa lita 1.6 kwa saa, lakini hiyo ni kwa presha ya bar 1, yaani maji yaliyo juu mita 10. Pipa la lita 200 kwenye stendi ya mita 1 litakupa nusu lita au zaidi kidogo kwa saa kwa kila tundu. Kwa matundu kama 260, linaisha kwa saa moja na robo hivi, na kila mita ya mraba inapata lita 5. Kwa jua letu la Januari na Februari, hayo ni maji ya siku moja. Muuzaji akikuambia yatatosha siku tatu, huyo anauza tu.

Kwenye mteremko, laza mipira iukate, isishuke nao. Presha ni ndogo mno. Nusu mita ya mwinuko inatosha mimea ya chini izame na ya juu inyauke. Tega vikopo kwenye tundu la kwanza na la mwisho kwa dakika 15. Kila kimoja kipate karibu mililita 150. Cha mwisho kikiwa na nusu ya hapo, kuna palipoziba.

Na kuziba ndiyo kazi yenyewe. Maji ya mfongo (mfereji wa kumwagilia wa Wachaga) wakati wa masika hubeba tope laini linalopenya hata neti, kwa hiyo yaache yatulie usiku kucha, na koki ifungwe sentimita 5 juu ya kitako cha pipa. Matundu yatazame juu. Yakitazama chini, mchanga unatua humo humo. Kila wiki sugua kichujio kwa mswaki, kisha fungua ncha za mipira mpaka maji yatoke safi. Chagua pipa jeusi, maana linalopitisha mwanga huota ukijani ndani. Mbolea ya DAP usiitie kabisa: punje zake huacha mashapo, na maji yakiwa na chokaa, fosfati hushikana nayo ikawa ukoko. Urea haina shida. Maji ya samadi mwagia shinani kwa keni.

Mchicha wa kumwaga unataka tuta lote liwe na unyevu, ila dripu hulowesha viduara tu. Tumia keni mpaka mbegu ziote. Nyasi za ukoka na pemba vivyo hivyo, hizo ni za mpira na kinyunyizio.

Majani ya nyanya yakibaki makavu, ugonjwa wa bakajani hupungua kiangazi. Masika mvua inayalowesha yote, kwa hiyo dawa usiache. Kantangaze, yule kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya, yeye hajali maji yametoka wapi.

Funika mipira kwa majani makavu ya migomba, ila palilia kwa mkono, jembe litaikata. Nunua raba za ziada mapema: ile ya kiungo cha pipa hukakamaa juani, na uvujaji huanzia hapo.