Injini imerudi na pawa, gia zikagoma: uzoefu wangu baada ya kufungiwa injini upya

Nianze na zuri kwanza maana sijaja hapa kumchafua mtu. Injini yenyewe imefungwa safi. Pikipiki yangu ni ya motokrosi, 250 ya stroki mbili, gia tano, na nilipoipeleka kwa fundi ilikuwa inagonga huku chini, ile sauti ya beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki, shafti kuu ya injini) ambayo ukishaisikia mara moja huisahau. Ikawa kazi kubwa: konrodi mpya, beringi za krenki, sili zote, pistoni na ringi, gasketi seti nzima, na pleti za klachi nikaongezea humohumo kwa sababu zilishaanza kuteleza na sikutaka injini ifunguliwe mara mbili. Cheka tu, najua. Siku naichukua ilipigwa kiki ya pili ikawaka, mlio umetulia, pawa imerudi kama mpya. Upande huo sina neno.

Shida gia. Naingiza moja, inaingia kwa kishindo na pikipiki inaruka mbele kidogo hata kama klachi nimeibana yote. Naondoka, napandisha mbili, pedeli inakwenda laini kama inazama kwenye tope, hakuna ile "tak" ya gia kukaa, nikitia moto injini inalia peke yake tairi la nyuma halina habari. Mara nyingine mbili inakaa ila nikifungua moto tu inatoka. Tatu hivyohivyo. Kushusha ndo usiseme, unakanyaga hujui umeangukia gia gani mpaka uachie klachi, na hiyo kwenye kona ni hatari sio mchezo.

Nikampigia fundi. "Bosi, hapo foku zimepinda, ilete tufungue tena." Foku anazosema ni vile vyuma kama uma ndani ya giaboksi vinavyosukuma gia, sio shokapu za mbele. Sasa kufungua tena kwenye hizi injini maana yake ile kesi (ganda la injini) igawanywe nusu mbili upya, krenki itoke, giaboksi itoke, gasketi nyingine na hela ya ufundi nyingine. Nikamuuliza, fundi, ulivyoifungua uliziona hizo foku zimepinda? Akasema hapana, zilikuwa nzima. Kwa hiyo zimepindia mezani kwako zikiwa zimelala? Akacheka, mi sikucheka.

Nikaamua niiangalie mwenyewe kwanza, na mtu mwenye shida kama yangu anza na hiki kabla hujakubali injini ifunguliwe maana spana hata moja haihitajiki. Nimeiweka kwenye stendi tairi la nyuma likiwa hewani, injini imezimwa, mkono mmoja unazungusha tairi taratibu mwingine unabadilisha gia. Tairi lazima lizunguke. Gia hizi zinashikana kwa meno ya ubavuni, jino la gia moja linaingia kwenye nafasi ya mwenzake, na vitu vikiwa vimesimama meno yanaweza kugongana uso kwa uso gia ikagoma kuingia ukadhani giaboksi imejam kumbe nzima. Nimeona watu wanapiga pedeli kwa nyundo kisa hawajui hili.

Basi nazungusha, napandisha: moja, nyutro, mbili, tatu, nne, tano. Zote zikaingia! Tairi likawa zito kila gia kwa uzito wake. Hapo nikajua foku na dramu ya gia (ule mche wa mviringo wenye mifereji inayoziongoza foku) hazina tatizo kubwa, kwa sababu foku ikiwa imewekwa siyo, au kipini chake hakijakaa kwenye mfereji wa dramu, kuna gia haitaingia kabisa au zitaingia gia mbili kwa mpigo na shafti itajifunga palepale. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu, ile "tak". Gia zinaingia lakini hakuna kinachozishika. Nikiiacha kati ya mbili na tatu dramu inakaa hapohapo katikati kama haijui iende wapi.

Kazi ya kuishika dramu ni ya kimkono kidogo chenye rola mbele na springi nyuma, kinakaa upande wa klachi, rola inakandamiza kile kidude cha mabonde kama nyota kilichofungwa mwisho wa dramu. Kila bonde ni gia moja. Ukibadilisha gia rola inapanda kilima inadondokea bonde linalofuata, ndo ile tak unayoisikia mguuni. Na raha ya hiki kitu ni kwamba kipo nje ya ile kesi, huna haja ya kugusa krenki.

Nikamwaga oili ya gia (stroki mbili krenki inalainishwa na oili iliyochanganywa na petroli, giaboksi ina yake ndogo pembeni, kwa hiyo hii ya gia inakwambia habari za gia na klachi tu). Kwenye oili nikakuta nyuzi za silikoni. Sio vyuma, silikoni, ile gundi ya kijivu, imetoka kwenye kava imejikata vipande vinaelea. Gasketi mpya ipo bado mtu kapaka na silikoni juu kama anaziba paa. Hili ndilo lililoniudhi kuliko yote maana halikuwa bahati mbaya, ni mazoea.

Kiki nje, kava nje, boliti za springi za klachi nikizilegeza kwa msalaba, pleti zikatoka. Pleti mpya zilikuwa kavu. Kavu kabisa, ukiacha pembeni palipoguswa na oili. Pleti mpya zinatakiwa zilowekwe kwenye oili usiku kucha kabla ya kufungwa, zikifungwa kavu zinagandana na za chuma na klachi haikati (haitenganishi injini na gia) sawasawa, na huko ndiko kulikotoka kishindo cha gia ya kwanza na pikipiki kutaka kutembea nimebana klachi. Kwa hiyo nilikuwa na magonjwa mawili yamevaa shati moja. Wiki nzima nilikuwa naangaika na kebo ya klachi, naikaza, nailegeza, nikidhani ndiyo inayotoa gia ya pili, wakati klachi isiyokata inafanya gia igome kuingia, haiifanyi itoke ikishaingia. Laiti ningetenganisha hayo mawili mapema ningeokoa siku nyingi.

Nati ya habu ya klachi ilinitoa jasho, ina washa ya kukunja ambayo lazima uinyooshe kwanza. Baada ya hapo bakuli la klachi likatoka, shafti ya pedeli ikachomolewa, na nyota ile hapo. Nikachukua bisibisi nikakisukuma kimkono mbali na nyota nikakiachia.

Kikabaki palepale.

Springi ipo, mpya hata, imekazwa, lakini kimkono kimegoma kurudi. Nikakisukuma kwa kidole kikarudi nusu kikaganda. Kumbe boliti inayokishikilia ina bega, yaani sehemu nene karibu na kichwa, na tundu la kimkono linatakiwa likae juu ya hilo bega ili kizunguke huru hata boliti ikikazwa. Fundi washa ameiweka upande usio wake, kimkono kikapanda nje ya bega, halafu akakaza. Boliti ikakibana kama jiwe. Kosa la dakika moja, na kwa nje huwezi kuliona, lakini kama angekibonyeza mara moja kabla ya kurudisha bakuli la klachi angelijua.

Nikafungua, nikageuza washa, nikakalisha kimkono kwenye bega huku naibana boliti kwa vidole kwanza, naujaribu mwendo, nakaza kidogo, najaribu tena. Tone la gundi ya nyuzi (ya kuzuia boliti isilegee) kwenye boliti. Nikakisukuma nikaachia: TAK. Aisee nilirudia kama mara kumi bila sababu, raha tu.

Pleti zikalala kwenye oili hadi asubuhi, silikoni nikaikwangua yote, gasketi mpya bila gundi yoyote, oili mpya ya pikipiki, ya klachi inayofanya kazi ndani ya oili, yenye alama ya JASO MA (usitie ya gari yenye viongeza vya kupunguza msuguano, klachi itateleza). Gia zote tano zinakaa, nikifungua moto kwenye mbili haitoki, nashusha kwenye kona bila kuomba dua. Oili niliimwaga tena baada ya mzunguko wa kwanza, nikakuta unga mwembamba tu kwenye sumaku ya nati ya kumwagia, vipande hamna.

Nilimtumia fundi picha ya ile washa. Akakaa kimya siku mbili halafu akaandika "bosi hapo nimekosea", akanipa gasketi bure. Hela ya ufundi hakurudisha na sikumng'ang'ania. Kwa krenki na pistoni nampa nyota tano na ningempelekea tena, kwa giaboksi mbili, na siku nyingine naipeleka kwa sharti moja tu: kava la klachi halifungwi mpaka nimefika nimezungusha shafti kwa mkono wangu na kusikia gia zote zikikata.

Kilichobaki ni nyutro, injini ikichemka bado inanikwepa kidogo nikisimama. Nahisi ni kebo niliyoichezea kipindi kile, nitairudisha kwenye kipimo chake wikiendi.