Pijo 504 ya mzee, miaka 27 bila kuwashwa: uzoefu wangu na fundi wa kuja nyumbani

Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka aondoke nazo: kazi nampa 5, bei 4, muda nampa 2 na hizo 2 ni kwa sababu namheshimu. Wenye nafasi tuendelee.

Gari ni Peugeot 504 GL ya 1977, sedani, ile ya gia kwenye usukani. Marehemu baba aliinunua mkono wa pili akiwa anafanya kazi ofisini kwenye shamba la mkonge nje kidogo ya Tanga. Mwaka 1997 klachi ikaanza kuteleza, mzee akasema mshahara ukitoka ntaitengeneza, akaipandisha juu ya matofali bandani, na kila mshahara ulivyotoka ukakuta una kazi nyingine. Kuuza skrepa mama alikuwa hataki kusikia, kutengeneza nako hataki, maana siti ya nyuma ndo kuku wake walipokuwa wanatagia na yeye alikuwa haoni tatizo liko wapi.

Mwanzoni nlikosea. Nliita watu wa gereji moja hapa mjini, jina nalihifadhi, wakaja wawili na betri yao. Hela ni za kwangu, gari nimewaita mimi, lakini maelezo yote wanampa mdogo wangu wa kiume ambaye hata kuendesha hajui, anatikisa kichwa tu. Nimeingia ndani kuwaletea maji narudi nakuta wameshaunga betri wanapiga stata, ikalia tik, tik, tik, basi. Wakafunga boneti, hukumu ikatoka: injini imeshikana, hiyo ni ya kutupa, tuweke ya Toyota, milioni 3 na nusu, wiki mbili unaendesha. Yani dakika 15 nzima hakuna aliyefungua hata plagi moja.

Huyu fundi ninayemwandika leo nlielekezwa na mzee mmoja wa Ngamiani aliyewahi kuendesha teksi. Nilitegemea aje na vijana na jeki, kaja na baiskeli na mkoba wa turubai. Siku ya kwanza hakushika spana. Akazunguka gari, akalala chini akachungulia, akafungua kifuniko cha tanki akanusa akatema mate pembeni, akagusa nati za betri, akaniuliza, "Binti, nani kapiga stata hapa karibuni?" Nkamweleza. Akasema, "Wakirudi tena wape chai, spana usiwape."

Akanielewesha kwa kijiti pale chini kwenye vumbi. Injini ikikaa miaka yote hiyo oili yote inashuka chini, juu kunabaki pakavu, hewa yetu ya bahari inaingia, ringi za pistoni zinashikana na ukuta wa silinda kwa kutu. Ukilazimisha na stata kitu cha kwanza kuvunjika ni ringi, au unachubua silinda, halafu hapo ndo kweli unaanza kutafuta injini nyingine. Kwa hiyo wale jamaa bahati nzuri betri yao ilikuwa mbovu, la sivyo leo ningekuwa naandika mengine.

Dawa yake ni rahisi mno. Akatoa plagi zote nne, akachanganya ATF, ile oili ya gia boksi za otomatiki, na dizeli nusu kwa nusu, akamimina kila tundu kiasi cha vifuniko vitatu vya soda, akaniachia chupa, kila jioni niongeze kidogo. Mimi ni nesi, kazi ya dozi kwa saa naijua, nikawa nikitoka zamu napitia bandani kabla hata sijavua yunifomu. Siku ya tisa akaja na hendeli yake mwenyewe, ile ya kuzungusha kwa mkono, maana hizi Pijo mbele zina tundu lake. Akaikandamiza taratibu. Kimya. Akarudisha nyuma kidogo, akakandamiza tena, ndani kukasikika kama mtu anang'oa plasta kwenye kidonda kikavu, hendeli ikashuka kama upana wa kidole. Nkapiga kelele mama akatoka na mwiko. Yeye wala hakucheka, akasema leo basi, mimina tena dawa, mpaka kesho. Hapo nlikereka kweli, si tuendelee jamani imeshaachia! Kumbe ndo utaratibu wake, ikiachia anaipa usiku mwingine dawa ipenye, kesho yake ikazunguka mizunguko miwili mizima kwa mkono mmoja.

Tanki sasa. Petroli iliyobaki imekuwa na rangi ya chai ya rangi na inanuka kama vanishi. Akalishusha, akalisuuza mara nyingi, akapiga marufuku mtu yeyote kusogeza moto wala kuchomelea hata kama linaonekana limekauka, mvuke wa petroli unabaki humo na unalipuka. Halafu nkatumwa kwa wanaouza malighafi za sabuni ninunue kilo 2 za asidi ya sitriki. Maji ya moto, asidi, na mnyororo wa baiskeli humo ndani, tunalitikisa asubuhi na jioni siku mbili, likatoka tope jeusi. Akalisuuza kwa maji ya magadi na mara moja akazungushia dizeli, anasema ukiliacha na unyevu saa moja tu kutu inarudi. Nilivyochungulia na tochi nkaona chuma cheupe.

Kwenye kabureta ndo nlicheka. Waya wa choki ulikatika zamani, mzee akaweka kamba ya katani, imepita pale pale pa waya mpaka kwenye dashibodi na imefungwa fundo safi. Mpira wote wa Mfaransa umekwisha, hosi zinapukutika kama majani makavu, kamba ya mkonge ya Tanga iko vile vile. Fundi akaivuta mara mbili, choki ikafunga na kufungua, akasema hii hatuitoi. Mpaka leo ipo.

Siku ya kuwasha alitaka chupa ya kuning'iniza juu ya injini ishushe petroli safi kwenye kabureta, tusitumie pampu kwanza. Nkaleta mpira wa dripu kwa mbwembwe zote za kinesi. Akanirudishia: petroli inaukakamaza huo, tafuta hosi ya mafuta. Haya. Plagi zikiwa nje akazungusha stata mpaka taa ya oili ikazima, yani oili imeshafika juu, ndo akarudisha plagi. Mara ya kwanza ikakohoa ikazima. Akafungua kifuniko cha distribyuta, akasugua pointi kwa kipande cha msasa kilichokwisha makali, akapuliza. Mara ya pili ikakamata na ile ATF ikaanza kuungua, moshi mweupe ukajaa banda, kuku wote nje, jirani kaja na ndoo ya maji anajua nyumba inaungua. Dakika kama kumi hivi moshi ukapungua, injini ikatulia ikawa inaunguruma ule mlio wake mzito wa taratibu. Mama alikuwa mlangoni. Akasema tu, "Izimeni, mafuta yanaisha bure," akaingia ndani.

Nlidhani hapo tumemaliza kumbe injini ndo ilikuwa kazi rahisi. Kilichokula hela na muda ni breki na klachi. Mipira ya masta silinda na ya kaliper imevimba, pistoni zimeganda, ikabidi kila kitu kifunguliwe. Klachi nayo, Pijo hii propela yake imo ndani ya bomba lililofungwa moja kwa moja kati ya gia boksi na difu, huwezi kushusha gia boksi kama Toyota, lazima usukume mtambo wote wa nyuma urudi. Siku tatu mzee wa watu yuko chini ya gari kwenye mkeka. Nlimpelekea uji.

Spea nyingi zilitoka Mombasa, Wakenya waliziunganisha hizi 504 mpaka 2004 na huko wanazipenda tangu zinashinda Safari Rally, 1975 na tena 1978. Kuna mtu anavuka nazo mpakani Horohoro. Ila angalizo, ukisema tu "mipira ya breki ya 504" unaweza kuletewa ya pikapu, vingine vinaingiliana vingine haviingii. Mimi nliletewa isiyoingia, wiki mbili zikapotea. Tuma picha ya cha zamani na vipimo vyake.

Kuna watu walinitisha pia kwamba injini za zamani zilizoea petroli ya risasi, yani yenye madini ya risasi yaliyokuwa yanakinga valvu, na risasi kwetu iliondolewa mpaka kufikia 2006, kwa hiyo eti valvu zitaungua. Fundi akasema hedi ya hii ni aluminiamu, viti vya valvu ni vya chuma kigumu vilivyopachikwa, wala nisinunue dawa za kwenye chupa. Nimemwamini, na mpaka sasa natumia petroli ya kawaida sijaona shida.

Hela, najua ndo mnasubiri. Ufundi 850,000. Breki zote 620,000. Klachi 480,000. Matairi manne 640,000, yale ya zamani yalikuwa na upepo mawili lakini yamepasuka pembeni, usijaribu. Betri 210,000. Oili, plagi, filta, hosi, asidi na vidogo vidogo 390,000. Jumla 3,190,000, chini ya ile bei ya kuwekewa injini ya Toyota ambayo breki wala klachi walikuwa hawajazigusa.

Sasa lawama. Aliniambia wiki tatu, imekuwa miezi mitano. Simu anapokea, hilo nakiri, lakini "nipo njiani binti" yake inaweza kuwa yuko njiani kweli ila ya kwenda Muheza kwenye mihogo yake. Risiti hana, kitabu hana, kila kitu kipo kichwani, nilinunua daftari nikawa naandika mwenyewe tarehe na kila kilichobadilishwa. Bodi hagusi kabisa, na chini ya milango kutu imekula, hiyo natafuta mtu mwingine. Pia feni. Hizi Pijo feni yake inashikwa na sumaku ya umeme, haizunguki na injini mpaka joto lipande, sasa yeye aliijaribu bandani ikashika mara moja akaridhika. Safari ya kwanza ndefu, naelekea Muheza, nafika Pongwe mshale uko kwenye nyekundu, nkapaki chini ya mwembe nkakaa saa nzima watoto wananiuliza kama hilo gari ni la serikali. Kijikaboni kinachopeleka umeme kwenye sumaku kilikuwa kimeisha. Kesho yake akaja saa 12 asubuhi bila kuitwa, akachonga kingine kutoka kwenye kaboni ya mota nyingine, hakuchukua hata mia. Baada ya hapo nimeenda Muheza na kurudi mara tatu, mshale unakaa katikati.

Kama una Pijo iliyolala na huna haraka, mtafute mzee wa aina hii, mji wowote uliokuwa na teksi za Pijo hakosekani mmoja, anza kuuliza kwa madereva wastaafu. Kama unataka gari ya kwenda nayo kazini mwezi ujao, nunua nyingine tu.

Mimi nimebakiza waya wa breki ya mkono, na mama ananidai banda jipya la kuku. Waya fundi aliahidi kuja kuufunga Jumamosi. Hii ni Jumamosi ya tatu, nimempigia saa 4 asubuhi, kasema yupo njiani.