Mtambo gani wa umeme ununue kwa bwawa lako

Bwawa lililotulia halifui umeme hata liwe kubwa namna gani. Kinachofua ni maji yanayoshuka, na sisi wa Kapchorwa, huku kwenye Mlima Elgon, mteremko tumepewa bure. Kabla ya kutoa shilingi, tega ndoo ya lita 20 kwenye bomba la bwawa uhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 2, unazo lita 10 kwa sekunde. Kisha pima kimo cha anguko kwa ule mpira wa maji wa waashi. Zidisha lita kwa mita, halafu mara 5: lita 10 na mita 20 ni wati 1,000 hivi.

Mimi sikupima. Nilinunua Kampala mtambo ulioandikwa kilowati 1, nikaufunga penye anguko la mita 2. Ziliwaka taa mbili, tena hafifu.

Chaguo langu la kwanza leo ni pampu ya kawaida ya maji, inayozungushwa kinyumenyume. Mota yake ikifungiwa kapasita, kile kikopo kinachotunza chaji ya umeme, inakuwa jenereta, na beringi na sili zake unazipata Mbale. Udhaifu wake ni mmoja: maji yakipungua, nguvu huanguka vibaya. Hapo ndipo bwawa linapokuokoa. Lijaze mchana kutwa, jioni ufungue valvu yote. Mita za ujazo 100 zikitoka lita 10 kwa sekunde hukupa zaidi ya saa mbili na nusu. Watoto wanasoma, simu zinajaa chaji.

La pili ni krosiflo, gurudumu la mapezi marefu ambalo fundi mzuri wa kuchomelea huliunda kwa bati nene. Huvumilia maji yanayopanda na kushuka, kwa hiyo kama bwawa lako ni dogo na kijito kinapita moja kwa moja, lipe nafasi ya kwanza.

Pelton, gurudumu la vikombe linalopigwa na mchirizi wa maji, ni ya tatu: maji kidogo, anguko kuanzia mita 30 hivi. Ya mwisho ni propela ya anguko fupi, maana hunywa maji mno. Kwa mita 2, wati 500 hudai lita 50 kwa sekunde, na bwawa lile lile hukauka ndani ya dakika 34.

Usibane pesa kwenye bomba. Kwa lita 10 chukua inchi 4. La inchi 2 litakula anguko lote. Nunua pia kidhibiti, kipeleke umeme wa ziada kwenye hita ya maji, la sivyo ukizima taa volti zitapanda na kuunguza redio. Na mdomoni mwa bomba weka wavu. Wangu nausafisha kila asubuhi, umejaa majani ya migomba.