Hema la Familia: Kabla ya Kuhesabu Watu, Tazama Turubai la Juu

Jamani, karibuni tena. Hapa nyuma yangu yamesimama mahema mawili, la kijani na la bluu. Yote mawili yameandikwa "watu 6". Hili la bluu lilitulowesha mimi na wanangu watatu saa tisa usiku, hadi tukamalizia usingizi ndani ya gari. Leo nataka mwone kwa macho yenu lilivyofanya, maana kwenye boksi lake hakuna palipoandikwa.

Urefu, uzito na idadi ya mifuko sisomi, mtavikuta kwenye lebo. Ila hilo "watu 6" sitaliruka, linaniudhi. Aliyehesabu amewalaza watu bega kwa bega, bila begi hata moja, na asiwepo anayegeuka usingizini. Godoro la kawaida la kulalia hemani lina upana wa kama sentimita 60. Magodoro 6 ni mita 3.6. Chukua futi kamba upime sakafu uone kama unabaki na pa kuweka hata viatu. Mkiwa wanne, tafuteni la watu 6. Mkiwa watano na mtoto mchanga, nendeni kwenye la 8, na msione mmejipendelea.

Haya, tuje kwenye kilichonileta. Sogeza kamera hapa. Mnaona turubai la juu la hili la bluu linaishia wapi? Hapa, usawa wa kiuno changu. Limekaa kama kofia. Kuanzia hapa kushuka chini ni neti tupu, kisha ukingo mfupi wa sakafu. Sasa angalieni la kijani: turubai linashuka mpaka linakaribia kugusa majani, pande zote nne.

Nimetandika gazeti ndani ya kila hema, na hapa nina keni ya kumwagilia bustani. Kwanza namwaga kutoka juu kabisa... Mnaona? Yote mawili yako vizuri. Kama mvua ingekuwa inanyesha wima siku zote, video hii nisingeirekodi. Lakini mvua huja na upepo. Kwa hiyo sasa nasimama pembeni, nainamisha keni, namwaga kwa mshazari. Hili la kijani kwanza. Maji yanagonga, yanateleza, yanaingia ardhini. Sasa la bluu... sikilizeni hiyo sauti. Hayo ni maji yanayopita kwenye neti na kudondokea gazeti. Ngoja nifungue zipu. Tazameni, kurasa zimeshikana, wino umeanza kutoka, na hii ni keni moja tu. Hapa ndipo alipokuwa amelala kitindamimba wangu. Gazeti la kule kwenye kijani hili hapa, nalikunjua, linalia kwarakwara, kavu.

Kwenye lebo za yote mawili imeandikwa 1,500 mm, na namba hiyo ni ya kweli. Maana yake kitambaa kinahimili safu ya maji yenye kimo cha mita moja na nusu kabla ya kuanza kupenyeza. Lakini kitambaa kizuri kitamkinga nani mahali ambapo hakipo? Sakafu ndiyo iongezewe namba, 3,000 na kuendelea, kwa sababu magoti na uzito wa watu vinakandamiza maji kutoka chini. Na mkitandika nailoni chini ya hema, isichomoze nje ya kingo, la sivyo itakinga maji na kuyapeleka chini yenu.

Nisilionee la bluu. Usiku wa joto, anga jeupe, ningelala humo kwa raha kuliko kwenye kijani, maana hewa inapita na mnaziona nyota. Tena ni la bei nafuu, na najua wengi wenu mtavutwa na hapo. Mkishakuwa nalo, basi mwe na turubai la ziada na kamba za kulitandaza juu yake. Ila bei ya turubai hilo ijumlisheni kwenye hesabu kabla hamjasema mmeokoa pesa.

Jambo jingine kuhusu kijani: weka mkono hapa katikati. Kati ya turubai la nje na kitambaa cha ndani kiganja changu kinapita bila kugusa popote. Nafasi hiyo ina kazi kubwa. Usiku pumzi zenu zinageuka matone kwenye turubai baridi, na yakiwa upande wa nje yanateremka bila kuwagusa. Wengi wakiona matone asubuhi wanadhani hema linavuja. Acheni matundu ya hewa ya juu wazi, hata mvua ikinyesha. Na kama turubai lenu ni la nailoni, kazeni kamba tena jioni, kwa sababu nailoni ikilowa hulegea. Poliesta hailegei kiasi hicho.

Mliouliza kuhusu hema la handaki, lile refu lenye matao: nafasi yake ni kubwa, nalipenda, ila bila vigingi halisimami. Penye mwamba au sakafu ya mbao mtahangaika. Haya ya kuba, yenye fito zinazopishana, husimama yenyewe. La pamba nzito linapumua vizuri, lakini mbebaji awe gari. La kujaza upepo linainuka upesi, nalo nitalifanyia video yake, kwa sababu kuanzia mwezi ujao chaneli itakuwa na video mbili kwa wiki. Ambao hamjajiunga, bofyeni hapo chini.

Mwisho, ukumbi huu wa mbele. Umbali wa hatua mbili tu, lakini viatu vyenye tope, makoti na mabegi vinabaki hapa, watoto wanalala pakavu. Ila jiko la mkaa au la gesi msiwashe humu, wala msiingize mkaa unaofuka eti wa kuota joto. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, inaua watu wakiwa usingizini. Nawaomba sana, hata mvua iwe kubwa namna gani.

Haya mawili nayaacha yamesimama mpaka yakauke kabisa, maana hema likikunjwa na unyevu linaota ukungu na harufu yake haitoki. Ijumaa tunakutana na mabegi ya kulalia, ya watoto kwanza.