Uzoefu wangu: cheti cha TB cha kwenda Uingereza, nikitokea Dodoma

Jamani nimepoteza hela kwa kutoelewa karatasi moja tu, naandika ili mwingine wa huku Dodoma yasimkute. Nilipata chuo Uingereza, kozi ya mwaka mmoja, na ukitoka Tanzania kwenda kukaa kule zaidi ya miezi 6 viza yao inataka cheti cha kipimo cha TB. Wakala mmoja wa safari hapa mjini akaniambia nenda hospitali yoyote upige eksirei, wakugongee muhuri, imeisha hiyo. Nikapiga, nikalipa, nikapewa bahasha ya kaki na ripoti ya daktari, mapafu safi, nikarudi zangu Nkuhungu nimetulia.

Kumbe haitambuliki! Cheti wanachokubali lazima kitoke kliniki waliyoiidhinisha wenyewe, na kwetu ni ya IOM, lile Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, iko Dar. Hata upimwe na daktari bingwa Dodoma nzima inamjua, haisaidii.

Nikaweka miadi, nikapanda SGR ya asubuhi. Mapokezi nikatoa ile bahasha yangu, dada akanirudishia bila kuifungua, akasema taratibu tu, "hii kaa nayo mdogo wangu, nipe pasipoti." Huduma yao nimeipenda kwa kweli, hawana haraka na wewe, wanakagua jina herufi kwa herufi, wanakuuliza kama unakohoa, kama umeishi na mgonjwa wa TB, halafu eksirei ya kifua, vua cheni, kidevu juu, vuta pumzi, zuia, basi. Picha ikiwa na walakini wanachukua makohozi, na majibu hayo yanaweza kufika wiki 8 maana lazima wasubiri kuona kama vimelea vinaota maabara, kwa hiyo usisubiri mpaka chuo kinakaribia kufunguliwa. Ila usiwahi mno pia, cheti kinadumu miezi 6 tu.

Kadi ya njano ni kitu kingine kabisa, watu wanachanganya sana. Ile ni chanjo ya homa ya manjano, inaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa na tangu Julai 2016 ni ya maisha. Uganda na Ghana wanaitaka, Uingereza hapana. Mama naye alishikilia nikapime korona, nikamwelewesha Uingereza waliiondoa tangu 2022.

Cheti usikitie kwenye begi kubwa, afisa wa uhamiaji kule anaweza kukiomba. Changu kilikaa mfuko mmoja na pasipoti toka Dodoma mpaka Heathrow.