Beatles wakikimbizwa, mbavu zangu hoi

Nilidhani filamu ya 1964, tena ya rangi nyeusi na nyeupe, itanilaza mapema. Wapi! A Hard Day's Night ya Richard Lester inaanza kwa mbio: Beatles, bendi ya Uingereza ya vijana wanne (John, Paul, George na Ringo), wanakimbizwa na mashabiki hadi stesheni, George anaanguka puu! Hadithi yenyewe nyembamba. Wanakwenda London kupiga kwenye televisheni, basi. Utamu uko kwa babu yake Paul, mzee mchonganishi ambaye kila mtu anamsifia usafi. Lakini aliyenivunja mbavu ni Ringo: anamtandikia mama mmoja koti juu ya madimbwi, apite bila kuchafuka, la mwisho kumbe shimo. Nikarudisha nyuma mara tatu. Pale studio wanachelewesha kidogo, ila nyimbo zinabeba.