Hacknet au Bandit? Uzoefu wangu na michezo ya udukuzi

Hacknet, mchezo wa kompyuta wa kuigiza udukuzi, una raha yake. Unaandika amri scan, probe, kisha SSHcrack 22, huku saa ya kukunasa ikihesabu kurudi nyuma. Mchezo huu wa 2015 naupa heshima yake: unamwondolea anayeanza woga wa skrini nyeusi, na namba za poti, yaani milango ya seva kwenye mtandao (21 ya FTP ya kuhamisha mafaili, 22 ya SSH ya kuingia seva kwa mbali, 25 ya SMTP ya barua pepe), ni za kweli. Ila haukuelezi poti imevunjwaje. Kwenye seva halisi watu huingia kwa nywila dhaifu, ufunguo uliovuja au toleo ambalo halijasasishwa. Kufuta logi (rekodi za walioingia), kama mchezo unavyokufanyisha, nako hakusaidii kitu ikiwa zimeshatumwa kwenye seva nyingine.

Kwa kujifunza hasa, mimi nachagua Bandit ya tovuti ya OverTheWire: unaingia kwenye seva yao kwa SSH, na kila ngazi unatafuta nywila ya ngazi inayofuata. Ni ya bure, haina picha wala muziki, na bando inaliwa kidogo sana kwa sababu ni maandishi matupu. Hata simu ya Android yenye Termux (programu ya kuandikia amri) inatosha: pkg install openssh, halafu

ssh bandit0@bandit.labs.overthewire.org -p 2220

Nywila ni bandit0. Herufi hazionekani unapoandika; haijaganda, ndivyo SSH ilivyo. Ukisahau -p 2220 unaishia poti 22, na huingii.

Uzuri wake ni kwamba kila ngazi inakukwamisha kwa sababu yenye maana. Mapema tu unakutana na faili ambalo jina lake ni kistari. Ukiandika cat - (cat ni amri ya kuonyesha yaliyomo kwenye faili) inakaa kimya, maana kwake kistari ni "soma kutoka kwenye kibodi". Bonyeza Ctrl+C, andika cat ./- basi. Mbele unatafuta faili la baiti 1033: find . -size 1033c. Ukiacha ile c, find inahesabu kwa vipande vya baiti 512 na hutapata chochote. Unapotafuta seva nzima, malizia na 2>/dev/null, inayotupa ujumbe wa makosa, la sivyo jibu linazama kwenye mafuriko ya ujumbe wa kunyimwa ruhusa.

Ngazi ya 12 ndiyo inayofukuza wengi. Faili limebanwa mara kadhaa, tena limegeuzwa kuwa heksadesimali (baiti zilizoandikwa kwa tarakimu 0-9 na herufi a-f). Tengeneza folda yako kwa mktemp -d, nakili faili humo, lirudishe katika hali yake kwa xxd -r, kisha kila hatua tumia amri file kuuliza ni aina gani kabla ya kufungua. gunzip hukataa faili lisiloishia na .gz, libadili jina kwanza kwa mv.

Kasoro? Mchezo haukuhifadhii nywila, kwa hiyo ziandike mwenyewe. Zile za kwenye video za zamani huenda zikagoma, na sioni hasara hapo.

Mashambulizi ya tovuti hayamo kabisa. Hayo yako Natas, ya haohao OverTheWire, na curl (amri ya kuchukua ukurasa wa tovuti) inatosha kuanzia:

curl -u natas0:natas0 http://natas0.natas.labs.overthewire.org

Nywila ya ngazi inayofuata imo kwenye msimbo wa ukurasa, ndani ya maoni ya HTML ambayo kivinjari hakiyaonyeshi.